Mayai Yangu Yalianza Kulia Ofisini kwa Afisa Mikopo

Afisa mikopo alikuwa anafungua mdomo aniambie kitu, yai likalia.

Halikupasuka. Lililia. Pii, pii, kutoka kwenye boksi nililokuwa nimelipakata mapajani tangu nilipoingia benki.

Akaangalia simu yake, kisha akaangalia yangu.

"Ni ya kwako hiyo?"

"Hapana, bosi. Ni kifaranga."

"Kifaranga yuko wapi?"

"Bado yuko ndani ya yai."

Ndugu yangu, sijui kama umewahi kumweleza mtu mwenye tai na koti kwamba boksi ulilobeba lina watoto wanaotaka kuzaliwa. Mimi nimewahi. Na nilikwenda pale kuomba mkopo.

Ngoja nirudi nyuma kidogo ili twende pamoja.

Nilimaliza chuo na shahada ya biashara na moyo uliojaa imani. Niliamini kazi ipo, inanisubiri tu mahali fulani, imekaa kitako. Nikatuma maombi mpaka vidole vikaota sugu. Kimya.

Dada yangu ni msusi. Ana saluni ndogo, viti vitatu na kioo kimoja kirefu. Nyuma yake kulikuwa na stoo ya kuwekea ndoo na viti vilivyovunjika.

"Mdogo wangu," akaniambia siku moja huku anamsuka mteja, "hao waajiri wana namba yako. Wakikutaka watakupigia. Lakini kukaa unaangalia simu kama unamlinda mgonjwa, hapana."

Akanipa ile stoo.

Nilikuwa na akiba kidogo niliyoipata kwa kufundisha watoto wa majirani hesabu. Nikanunua mashine ya kutotoresha mayai, kuukuu, ukubwa wa kabati la vyombo. Kazi yenyewe ni nyepesi kueleza. Unaniletea mayai ya kuku wako, au ya bata, au ya kanga. Nayaweka kwenye mashine, nayapa joto na unyevu, nayageuza. Siku yao ikifika unachukua vifaranga na kunilipa kwa kila aliyetoka hai. Asiyetoka, hunidai wala sikudai.

Nilianza vizuri. Nikajiona nimepata.

Tatizo likawa umeme.

Umeme ukikatika, mashine inapoa. Ikipoa kwa muda mrefu, yale mayai si mayai tena, ni mawe. Na mtaani kwetu umeme una tabia ya mgeni asiyeaga. Unatoka tu.

Siku moja ulitoka asubuhi, ukarudi siku iliyofuata. Trei nzima ya mzee mmoja, fundi baiskeli wa barabara ya sokoni, ikafa. Nilibeba ile trei mikononi mpaka kwenye banda lake, nikasimama mbele yake kama mtoto aliyevunja chungu cha mama.

Akayaangalia mayai. Akaniangalia mimi.

"Pole," akasema. Akaendelea kuziba tairi.

Afadhali angenitukana.

Habari mbaya haihitaji nauli, husafiri yenyewe. Wateja wakaanza kupungua, mmoja mmoja, kila mtu na udhuru wake. Kuku wangu ameacha kutaga. Nimesafiri. Nitakuja wiki ijayo.

Dada yangu alikuwa anaona. Kuna mtu alikuwa anataka kupanga ile stoo, afungue duka la vifaa vya simu, na alikuwa tayari kulipa kila mwezi.

"Sikufukuzi," dada akaniambia, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko kawaida. "Ila kodi ya saluni hailipwi kwa matumaini. Nakupa mpaka mwisho wa mwaka. Ikishindikana, ile stoo inapata mpangaji."

Hapo ndipo nilipokuwa. Biashara yangu ikifa, narudi kuangalia simu.

Basi nikafanya kile nilichofundishwa. Nikaandika mpango wa biashara. Ndugu zangu, ule mpango ulikuwa mzuri. Michoro ya rangi, makadirio ya miaka mitano, na katikati yake mashine mpya, kubwa, inayobeba mayai mara kumi ya ile yangu. Niliwaza hivi: nikiwa mkubwa, nitaheshimika. Wateja watarudi wenyewe.

Nikapata miadi benki.

Asubuhi ya miadi, umeme ukatoka.

Ndani ya mashine kulikuwa na mayai ya mteja mmoja wa mwisho mwisho, na yalikuwa yamekaribia kabisa. Dada alikuwa na bibi harusi kwenye kiti, na mashangazi watatu wa bibi harusi wamemzunguka kama askari.

"Dada, nishikie mayai. Saa mbili tu."

"Nikushikie kwa mikono ipi? Ya kusukia au ya kuwatulizia hawa mashangazi?"

Nikachukua boksi, taulo za saluni, na chupa za maji ya moto. Nikayapanga mayai humo kama mtu anayelaza mapacha. Nikaenda nayo benki.

Nilichosahau ni kwamba benki ina kiyoyozi.

Ndani kulikuwa na baridi ya kutetemesha meno. Nikakaa mbele ya afisa mikopo, nimevua koti langu pekee na kulifunika boksi.

"Samahani, unaweza kupunguza baridi kidogo?"

"Unaumwa?"

"Mimi mzima."

Hakuuliza zaidi. Alikuwa mtu wa makamo, mpole. Akafungua ule mpango wangu, akausoma ukurasa kwa ukurasa, akawa anatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Umeandika vizuri sana," akasema. "Sasa, una hati ya nyumba?"

"Sina."

"Kiwanja? Gari?"

"Sina."

"Mdhamini mwenye mshahara unaopitia hapa kwetu?"

"Nina dada. Ni msusi."

Akafungua mdomo. Hapo ndipo yai la kwanza likalia.

Nilipomweleza, hakukasirika. Aliinuka akazima kiyoyozi. Akainama, akasikiliza boksi kwa makini kama daktari. La pili likaitikia. Mtu wa dirisha la jirani akachungulia, akauliza kama kuna panya.

"Kijana," afisa akasema akirudi kwenye kiti chake, "ningekuwa natumia pesa yangu, ningefikiria. Lakini benki haiwezi kushika mayai kama dhamana. Pole sana."

Akanishikia mlango nilipotoka. Vifaranga wawili walizaliwa njiani, mmoja nikiwa nasubiri kuvuka barabara. Nilikuwa nalia na kucheka kwa wakati mmoja, na watu wakawa wananipisha.

Dada aliponiona tu, akajua.

"Wamekataa?"

"Wamekataa."

"Na hao wanaolia ni nani?"

"Wateja."

Alicheka mpaka akaegemea kioo. Halafu akanipa taulo nyingine kavu.

Siku zilizofuata nikaanza kutafuta pesa kama kuku anavyopekua mchanga, huku na kule. Nikajaribu mikopo ya simu. Kabla sijamaliza kupiga chafya, nikaambiwa nimekubaliwa. Kiasi chenyewe kiduchu, riba yake kama faini, na kabla ya yote walitaka ruhusa ya kusoma namba za watu wote niliowahifadhi. Nikajiuliza, mwalimu wangu wa darasa la tatu anahusikaje na deni langu? Nikafuta.

Kisha nikasikia habari za mtu mmoja mtaa wa pili. Watu walimwita Tabasamu. Anakopesha siku hiyo hiyo, hana mambo mengi.

Nikaenda na dada. Tabasamu alikuwa kwenye kiti cha kuzunguka, meno yote nje, akatupa soda baridi hata kabla hatujakaa.

"Kiasi gani, mdogo wangu?"

Nikamtajia, nikaanza kufungua mpango wangu wa biashara. Akaufunga kwa kidole kimoja.

"Hapa kwetu hatuulizi maswali. Pesa ni yako, fanya utakacho. Sisi tunaamini watu."

Kusema kweli, ile kauli ilinigusa. Benki ilinikagua kama mzigo, huyu ananiamini. Nikamwona kama ndugu.

"Dhamana tu kidogo," akasema. "Kwa utaratibu."

Dhamana hiyo kidogo ilikuwa viti vya saluni na mashine zote za kukaushia nywele. Riba ilikuwa ya kila wiki. Ukichelewa malipo mara moja, vitu vinahamia kwake.

Nikamwangalia dada. Dada akachukua kalamu.

"Niandike wapi?" akauliza.

Hakuninong'oneza, hakunivuta pembeni. Mwanamke aliyesuka watu miaka yote hiyo mpaka vidole vikapinda, anataka kuweka kila alicho nacho mezani kwa sababu ya mayai yangu.

"Ngoja kwanza," nikasema. "Naomba kwenda msalani."

Msala ulikuwa uani. Kufika uani nikakuta ghala lisilo na mlango. Majokofu. Magodoro. Majiko. Baiskeli ya mtoto. Na kwenye kona, cherehani, na chini ya sindano yake kulikuwa na mkono wa gauni, umeshonwa nusu. Walipoibeba, hawakumpa mshonaji hata nafasi ya kukata uzi.

Nikarudi, nikamwita dada aje aone. Akatazama ule mkono wa gauni kwa muda. Akarudi ndani, akaiweka kalamu mezani taratibu, akanywa soda yake akaimaliza.

"Asante kwa kinywaji," akamwambia Tabasamu. "Twende, mdogo wangu."

"Mlango uko wazi wakati wowote," Tabasamu akasema. Bado alikuwa anatabasamu.

Tulitembea mpaka saluni. Mlangoni tukamkuta mtu amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kikapu miguuni. Fundi baiskeli. Kikapu kilikuwa na mayai ya bata.

Nikadhani nimeona vibaya.

"Mzee, umerudi? Baada ya yale?"

"Nilishawahi kupeleka mayai kwa mwingine kabla yako," akasema. "Yalipoharibika, alizima simu mwezi mzima. Wewe uliyabeba mikononi ukaniletea. Hata harufu hukuiogopa."

"Lakini mashine ni ile ile, na umeme ndio ule ule."

"Ndiyo maana nimekuletea ya bata. Ya kuku mke wangu amenikataza."

Dada akaangua kicheko. Mzee akatuuliza tunatoka wapi na nyuso za msibani. Tukamweleza. Aliposikia jina la Tabasamu alitema mate pembeni, akajifuta.

"Sisi tuna chama chetu," akasema. "Tunaweka kila wiki, tunakopeshana. Riba ni ndogo, na hiyo riba yenyewe tunagawana wenyewe mwisho wa mwaka. Ila si pesa ya leo leo. Lazima kwanza uweke na wenzako kwa miezi kadhaa, tukujue. Halafu lazima upate mwanachama wa kukudhamini."

"Miezi kadhaa?"

"Mayai yanakaa ndani ya mashine siku moja?"



Nikajiunga. Dada naye akajiunga, eti anakuja kunilinda. Tulikuwa tunakutana kwenye darasa la shule ya msingi, watu wazima tumekaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu. Kuna muuza mitumba, kuna fundi seremala, kuna mama wa mgahawa. Na kuna muuguzi mmoja wa zahanati, mwanamke mwembamba, miwani puani. Kila mtu alimwita Mama Kwanini.

Jina hilo alilipata kihalali.

Seremala aliomba mkopo wa kununua mbao. Mama Kwanini akamuuliza kwa nini mbao hizo, kwa nini sasa, kwa nini si nusu yake. Seremala alitoka jasho kama anaranda. Nikaapa moyoni, siku yangu ikifika, Mungu amjalie huyu mama zamu ya kazi.

Siku yangu ilifika. Mama Kwanini alikuwa kwenye dawati la mbele.

Mwaka ulikuwa umebakiza muda mfupi. Yule mtu wa vifaa vya simu alikuwa ameshakuja kupima stoo kwa hatua zake. Nikasimama mbele ya ubao, mpango wangu mkononi, nikausoma kama hotuba. Mashine kubwa. Mayai mara kumi. Nilipomaliza, watu wawili walipiga makofi, mmoja wao dada.

Mama Kwanini akarekebisha miwani.

"Mwanangu, umeme ukikatika unafanyaje?"

"Nachemsha maji kwenye jiko, natia kwenye chupa, nayazungushia mayai. Yakiwa machache nayabeba."

"Nimesikia. Uliyabeba mpaka benki."

Darasa zima likacheka. Nikamtazama dada, akajifanya anafunga kiatu.

"Sasa hiyo mashine kubwa," akaendelea. "Siku umeme ukikatika, hayo mayai yote utayapakata wewe?"

Nikaukunja mpango wangu nusu.

"Na hii ndogo uliyo nayo, siku hizi inajaa?"

Ningeweza kudanganya. Kwenye ule mpango nilikuwa nimeandika kwamba wateja ni wengi. Lakini fundi baiskeli alikuwa amekaa pale, ananiangalia.

"Haijai," nikasema. "Tangu mayai yale yafe, haijajaa."

"Kwa nini?"

"Watu wanaogopa umeme. Wanaogopa watapoteza mayai yao."

"Kwa hiyo unataka kukopa pesa ununue nafasi usiyoweza kuijaza. Kwa nini?"

Ndugu zangu, nilisoma miaka mitatu. Nilifaulu. Na pale mbele ya ubao ulioandikwa jedwali la kuzidisha, ndipo nilipojisikiliza kwa mara ya kwanza. Sikuwa nataka mashine kubwa kwa sababu ya biashara. Niliitaka kwa sababu ya aibu.

"Ninachohitaji ni betri," nikasema polepole. "Betri na inveta, ili umeme ukikatika mashine isipoe. Bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na niliyoomba."

"Ndogo kiasi gani?"

Nikawatajia. Muuza mitumba akapiga mluzi. Mwenyekiti akasema hicho ni kiasi ambacho chama kinaweza kutoa bila hata kutetemeka.

"Nani anamdhamini?"

Dada hakuruhusiwa, kwa sababu sisi ni nyumba moja. Fundi baiskeli akaeleza kwa masikitiko kwamba tayari amemdhamini seremala, na sheria ni mtu mmoja kwa wakati mmoja. Mama wa mgahawa akaangalia dari. Sikumlaumu. Ukidhamini mtu akashindwa, unalipa wewe.

Mwenyekiti akakohoa. "Basi kama hakuna..."

Mkono ukanyanyuka dawati la mbele.

"Mimi," akasema Mama Kwanini.

Seremala aligeuka kumtazama kama mtu aliyeona kuku akiogelea.

Nikapata betri. Nikapata inveta. Wiki chache tu baadaye umeme ukakatika mchana, na redio za mtaa mzima zikanyamaza. Saluni nako mashine za kukaushia nywele zikafa, mteja amebaki na kichwa nusu kibichi. Stoo ikawa inaunguruma taratibu, joto lile lile.

"Hao vifaranga wana umeme, na mimi binadamu sina?" mteja akauliza.

"Wao wana mdhamini," dada akamjibu.

Habari njema nayo haihitaji nauli. Wateja walirudi. Mke wa fundi baiskeli alileta mayai ya kuku yeye mwenyewe, akayakabidhi kama anakabidhi binti. Mashine ikajaa, mayai mengine nikawa nayapangia zamu. Yule mtu wa vifaa vya simu alipata chumba kwingine.

Siku nilipomaliza deni nilimsubiri Mama Kwanini nje ya darasa. Kulikuwa na kitu kilichokuwa kinanikereketa.

"Mama, naomba nikuulize. Siku ile ulinibana mpaka nikatamani dawati linimeze. Nilijua utanikataa. Kwa nini ulinidhamini?"

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitambaa chake.

"Kabla wewe hujajiunga, nilimdhamini mdogo wangu wa tumbo moja. Alitaka kufungua duka. Biashara ikafa mapema, nikalipa mimi mpaka senti ya mwisho. Pesa nilizisahau. Lakini mdogo wangu mpaka leo anaona aibu kuja kwangu. Akiniona sokoni anabadili njia."

"Pole sana, mama."

"Unajua nilimuuliza nini kabla ya kumdhamini?"

"Hapana."

"Sikumuuliza kitu. Nilikuwa nampenda, nikaona maswali ni kumkosea adabu. Wewe nilikuuliza, ukanijibu kweli."

Akavaa miwani yake, akanipiga begani, akaondoka kuwahi zamu.

Nilibaki nimesimama pale. Kumbe yale maswali yote, yangu na ya seremala na ya kila mtu, alikuwa anamuuliza mdogo wake.

Ndugu yangu unayesoma hapa, na labda umetoka benki leo na bahasha yako kwapani: kukataliwa si mwisho, ila usikimbilie mlango wa kwanza unaokuchekea. Soma riba ni ya wiki au ya mwaka. Uliza ukichelewa wanachukua nini. Na sikiliza kama wanakuuliza maswali. Anayekupa pesa bila kukuuliza utalipaje, tayari anajua atajilipaje.

Juzi dada aliniomba nimdhamini kwenye chama. Anataka viti vipya vya saluni. Huyu ndiye aliyeshika kalamu kwa ajili yangu, na hakuniuliza hata neno moja. Alikuwa ameisahau sheria ya nyumba moja, nikamwambia siwezi, lakini nikamkalisha chini hata hivyo, nikamuuliza kwa nini viti, kwa nini vitatu, kwa nini sasa.

Amenuna. Chakula cha jioni alinipakulia bila kunitazama.

Leo asubuhi amekuja stoo, akasimama katikati ya mashine na betri, mikono kiunoni.

"Viwili vinatosha," akasema. "Na nimekuja na sababu. Kaa chini usikilize."

Nikakaa.